Kuchambua, kuchunguza au kudadisi data?

SWALI: Mwalimu, hujambo? Nafanya kazi ya takwimu katika ofisi moja hapa Upper Hill, Nairobi. Tunafuatilia jinsi kazi inavyopita kutoka mkono hadi mkono, kwa mfano safari ya ankara tangu ipokelewe mpaka ilipwe. Kabla ya kuanza hesabu zenyewe huwa tunakaa na data siku kadhaa tukiigeuzageuza, tuone ina nini. Katika ripoti niliandika: "Tulichambua data hizi kwa siku nne, kisha tukazichambua." Mkubwa wangu anataka niseme "tulipekua". Lipi sahihi? Na ni data hii au data hizi?

JIBU: Sijambo, dada. Umelibebesha neno moja kazi mbili, na mkubwa wako aliona kasoro hiyo hata kama dawa aliyoitoa siiafiki.

Pita jioni kwenye kibanda chochote cha mboga, Kangemi au Kawangware. Mama mboga ameketi, fungu la managu liko mapajani, anachambua. Jani linaingia kwenye karai, kikonyo kinaanguka chini. Mikono haisiti hata akiwa anazungumza na mteja, maana anajua tangu mwanzo kipi kinaliwa na kipi kinatupwa. Pemba na Unguja watu huchambua karafuu vivyo hivyo, wakizitenga na vikonyo vyake. Anayechambua, basi, ana kigezo tayari. Kwenu ninyi, kuchambua kunaanza mkishauliza, tuseme, ankara hukaa siku ngapi kabla ya kuidhinishwa, mkatenga mistari inayojibu swali hilo.

Zile siku nne za kwanza hamkuwa na kigezo. Hamkujua jani ni lipi. Data ya namna yenu huwa na mambo matatu ya lazima katika kila mstari: namba ya ankara, jambo lililofanywa, na wakati lilipofanywa. Sasa chukulia kwamba unapitisha macho kwenye safu ya wakati, ukakuta ankara nyingi zimeidhinishwa 00:00. Saa sita usiku! Nani yuko ofisini akiidhinisha malipo saa hiyo? Anayekimbilia kuchambua atazitupa zote kama makosa. Anayeuliza atakwenda kwa karani, na huenda akaambiwa kwamba wao huingiza tarehe peke yake, mfumo ukajaza sufuri. Tarehe ni ya kweli, saa siyo. Akizidi kuuliza, pengine atasikia kwamba mkubwa hutia sahihi kwenye karatasi, kisha karani huingiza idhini zote kwenye kompyuta kwa mkupuo mwisho wa wiki. Hapo amejua jinsi ofisi inavyofanya kazi hasa, na amelijua kupitia mistari ambayo angeitupa pamoja na vikonyo.

(Na ukifika kuandika ripoti, tafadhali, 15:10 ya kompyuta ni saa tisa na dakika kumi alasiri. Nimesoma "saa kumi na tano" zaidi ya mara moja na huniuma kila mara. Saa zetu huishia kumi na mbili.)

Kazi hiyo ya kuuliza kabla ya kuwa na swali kamili mimi naiita kudadisi. Mdadisi haulizi mara moja akaondoka. Jibu moja humzalia swali jingine, na ndivyo mnavyofanya siku zile nne.

Kuchunguza si kosa, na wengi watakuelewa. Tatizo ni kwamba hapa Kenya redio imetuzoesha vibaya: ukisikia fulani anachunguzwa, unafikiria wizi. Data yenu ina majina ya makarani. Ukiandika "tulichunguza data ya idara ya malipo", kuna mtu hatalala. Kupekua kuna ukali zaidi, kwa sababu anayepekua huingiza mkono katika vitu vya mwenzake, mara nyingi bila ruhusa. Tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data, kwa hiyo sioni kwa nini ofisi yenye kibali ijitangaze kuwa ilipekua. Mwanatakwimu wa Marekani, John Tukey, aliyeieneza kazi hii katika kitabu cha 1977, aliifananisha na upelelezi. Mfano ni mzuri, lakini kitenzi peleleza kingewatia makarani hofu ileile.

Kuchimba kuna mahali pake. Mbinu ya kuichora njia halisi ya kazi kutokana na kumbukumbu za kompyuta, aliyoianzisha Mholanzi Wil van der Aalst mwishoni mwa miaka ya 1990, inafaa kuitwa uchimbaji wa michakato. Hilo ni jina la mbinu nzima. Usilitumie kwa siku zenu nne.

Kuhusu data: iko katika ngeli ya I-ZI. Ukiitazama kama mkusanyiko mmoja, data hii. Ukizungumzia za idara mbalimbali, data hizi. "Madata" yaache mtaani.

Sentensi yako, basi, iandike hivi: "Tuliidadisi data ya malipo kwa siku nne, tukiwauliza makarani kila tulipokwama, kisha tukaichambua."