Umepata Chuo cha Levin, Cleveland, na ofisini wanasema unaenda kusomea ualimu? Mimi nimepita hapo

Mleta uzi, swali lako nimelisoma mara mbili. Kwa faida ya wanaoingia sasa: jamaa ni afisa mipango miji wa halmashauri, ana miaka sita kazini, amepata nafasi ya uzamili katika Chuo cha Levin, ndani ya Cleveland State University, Ohio, Marekani. Chuo hicho kinabeba kwa pamoja mambo ya miji, utumishi wa umma na elimu. Hilo neno "elimu" limewapa wenzake ofisini cha kutania, eti anavuka bahari kwenda kusomea ualimu. Anauliza kama jina litamharibia, kama masomo yatamfaa akirudi, na kama familia aende nayo au aiache.

Niliondoka 2012, nikarudi 2014. Wakati huo kilikuwa chuo cha mambo ya miji tu. Upande wa elimu ulikuja kuunganishwa mwaka 2022. Kwa hiyo madarasa ya ualimu sikuyakuta. Lakini kuhusu huo utani wa wenzako nina la kusema, na nitaanzia mbali kidogo, mnivumilie.

Shahada ya kwanza nilisoma pale Observation Hill, enzi za UCLAS, kabla hakijawa Chuo Kikuu Ardhi mwaka 2007. Studio tulichora mpaka usiku wa manane, na tulichora miji mizuri kweli, yenye bustani na maegesho. Nikaajiriwa halmashauri moja ambayo siitaji. Kazi ya kwanza ikawa kurasimisha mtaa ambao watu walishajenga, wakazaa, wakazikana humohumo. Nikabandika mchoro wa TP, yaani mchoro wa mipango miji, kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa, nikaeleza hifadhi ya barabara, matumizi ya ardhi, umbali wa nyumba kutoka mpakani, kama dakika arobaini hivi. Nilipomaliza, mzee mmoja wa benchi la mbele akasimama, akausogelea ule mchoro mpaka pua ikakaribia kuugusa, akaniuliza: "Kijana wangu, kwenye hii karatasi yako, mimi nalala wapi?"

Sikuweza kumwonyesha. Namba za viwanja nilikuwa nazo kichwani, nyumba yake sikuijua. Watu wakacheka, mwenyekiti akafunga kikao, na mtaa ule ulitusumbua miaka miwili kabla ya kukubali bikoni ya kwanza, yaani jiwe la mpaka, kuchimbiwa. Kosa halikuwa la mchoro. Mchoro ulikuwa sahihi. Ila mimi sikujua kufundisha, na siku ile palihitajika mwalimu.

Sasa Cleveland. Usiende ukitegemea kuona mji unaokua. Sensa ya 1950 ilihesabu watu 914,808 pale. Ya 2020 ikahesabu 372,624. Viwanda vya chuma na vya magari vilipungua, barabara kuu zikapasua mitaa, wenye uwezo wakahamia miji ya pembezoni, na baada ya 2007 benki zikawanyang'anya watu nyumba kwa maelfu. Mtu aliyetoka Dar, iliyoongeza watu milioni moja kati ya sensa ya 2012 na ya 2022, akifika kule anachanganyikiwa. Sisi kazi yetu ni kukimbizana na nyumba zinazoota usiku. Wao kazi yao ni nyumba zisizo na mtu.

Mwaka 2009 kaunti yao ya Cuyahoga iliunda benki ya ardhi. Usidhani ni benki ya kukopesha. Ni chombo kinachochukua nyumba zilizotelekezwa au zilizokwama kwenye madeni ya kodi. Zinazotengenezeka wanazitengeneza, zilizooza wanazibomoa, na kile kiwanja kinachobaki wanaweza kumuuzia jirani kwa bei ya kutupa ili apanue uwanja wake. Siku ya kwanza kusikia hilo darasani nilicheka peke yangu. Kwetu majirani wanapelekana baraza la kata kwa hatua moja ya uchochoro, kule mji unambembeleza jirani achukue kiwanja kizima.

Kikundi chetu cha fildi kilipangiwa mtaa mmoja upande wa mashariki wa mji. Kikao cha wakazi kilifanyika chumba cha chini cha kanisa, kahawa iko pembeni, watu kama ishirini, wengi wazee. Wenzangu walikuja na ramani za rangi, mimi nikakaa nyuma kwa sababu lafudhi yao bado ilinishinda. Mama mmoja Mmarekani mweusi, mtu mzima, akanyoosha kidole kwenye ramani: nyumba yake ilikuwa kijumba kimoja cha njano katikati ya vibanda vya kijivu, maana yake pande zote mbili pametelekezwa. Akauliza: "Hapa kwenye ramani yenu, jirani yangu ni nani?"

Nilisikia sauti ya yule mzee wetu. Swali ni lilelile, limegeuzwa tu upande.

Profesa hakumjibu kwa takwimu. Alivuta kiti akakaa karibu naye, akamwomba ataje nani aliishi wapi, nyumba kwa nyumba, tangu alipohamia. Mama akataja, sisi tukaandika majina juu ya ramani. Saa nzima ikaenda hivyo, na mwishowe ndiyo kikaanza kikao cha mipango. Kwangu darasa kubwa la miaka miwili yote lilikuwa pale, kwenye viti vya kukunja.

Nirudi kwenye neno elimu. Katika mji ule, shule na mipango miji huwezi kuvitenganisha hata ukitaka. Ohio shule za umma zinategemea kwa sehemu kubwa kodi ya majengo ya eneo husika. Nyumba ikibaki tupu, kodi hailipwi. Kodi isipolipwa, shule inadhoofika. Shule ikidhoofika, mzazi mwenye uwezo anahama, na nyumba nyingine inabaki tupu. Mahakama ya Juu ya jimbo ilitamka mwaka 1997, katika kesi ya DeRolph, kwamba mfumo huo wa kugharimia shule unakiuka katiba ya jimbo. Tena tangu 1998 bodi ya shule za Cleveland inateuliwa na meya. Kwa hiyo chuo cha mji huo kikiweka walimu, watawala na wapanga miji chini ya paa moja, kinafuata namna mji wenyewe unavyoendeshwa.

Na kwetu je? Hebu waambie hao wenzako wahesabu wafanyakazi wa halmashauri yenu. Wengi wao ni nani? Ni walimu. Shule za msingi na sekondari ziko chini ya halmashauri, chini ya TAMISEMI, jengo moja na sisi. Ada ilipofutwa Januari 2016 watoto wakamiminika, na nani aliulizwa eneo la kujenga madarasa? Sisi wa mipango miji. Nami nakumbuka vizuri aibu ya kufungua mchoro ulioonyesha eneo la shule, tukaenda na mwalimu mkuu mpaka saiti, tukakuta nyumba kumi na moja, kibanda cha chipsi na mnara wa simu. Sitasema nani aliligawa eneo hilo. Mwalimu mkuu aliniangalia tu, hakusema neno, akapanda bodaboda akarudi shuleni kwake kwenye darasa la watoto wanaokaa chini. Tangu siku hiyo anayeniambia ardhi na elimu ni idara mbili simwelewi.

Kitu kingine utakachokutana nacho pale ni jina la Norman Krumholz. Alikuwa mkurugenzi wa mipango wa Cleveland kuanzia 1969 hadi 1979. Aliajiriwa na Carl Stokes, yule aliyechaguliwa 1967 kuwa meya wa kwanza mweusi wa mji mkubwa Marekani, na akabaki chini ya mameya wengine wawili wenye siasa tofauti kabisa. Baadaye akafundisha hapo chuoni miaka mingi, alifariki 2019. Ripoti ya mipango ya ofisi yake ya mwaka 1975 haikuanza na ramani. Ilianza na nani hana chaguo, na ikasema kazi ya mpanga miji ni kuwaongezea machaguo wale wasio nayo. Basi yalipokuja mazungumzo ya kuunganisha usafiri wa umma wa mkoa mzima, ofisi yake haikuhangaika na uzuri wa vituo, iliwakomalia wakubwa juu ya nauli na huduma kwa wasio na gari. Nauli ikashushwa hadi senti 25 na kuwekewa dhamana ya miaka mitatu.

Nilipolisoma hilo nilijiuliza, mimi katika miaka yangu yote ya halmashauri, je, nimewahi kuandika kwenye ripoti swali la nani hana chaguo? Niliandika "hali ya sasa", "mapendekezo", "makadirio ya gharama". Sijawahi.

Basi za mwendo wa haraka utazikuta mlangoni. Barabara ya Euclid, ambako chuo kipo, inapita HealthLine iliyoanza 2008, vituo vyake vingi viko katikati ya barabara kama mwendokasi yetu iliyoanza 2016. Nilizipanda kila siku na nilipoona za Kimara sikushangaa sana. Tofauti ni kwamba pale mtu hapandi kwa dirishani. Na jina hilo la Euclid lishike: kijiji cha Euclid, jirani na Cleveland, ndicho kilichoshinda kesi ya mwaka 1926 katika Mahakama ya Juu ya Marekani, iliyohalalisha serikali kugawa maeneo kwa matumizi. Watakuuliza kwenye mtihani.

Usije ukarudi na kila kitu kwenye begi, lakini. Kule ardhi ni mali ya mtu, kwetu ni mali ya umma, Rais ndiye mdhamini, na wewe una hakimiliki ya miaka tu. Benki ya ardhi kama yao haiwezi kuhamishwa hivihivi. Kodi ya majengo nayo, kwetu ilihamishiwa TRA mwaka 2016, na tangu 2021 inakatwa kwenye umeme wa LUKU, kwa hiyo mwananchi haoni uzi kati ya shilingi yake na dawati la mtoto wake. Niliporudi, kabla ya mabadiliko hayo, nilijaribu kuandika dokezo la kurasa nane kuhusu uzi huo wa kodi na shule. Bosi wangu wa wakati huo akaniambia, "Hayo ya Wazungu yaweke, tuandalie orodha ya viwanja." Nikaandaa orodha ya viwanja.

Kilichobadilika ni vikao. Siku hizi sibandiki mchoro kwanza. Naenda na picha ya anga iliyochapwa kubwa, naitandika chini kwenye turubai, watu wanaizunguka, kila mtu anatafuta paa lake na kuweka kokoto. Wazee wanatafutiwa na wajukuu. Mpaka kila kokoto ikae mahali pake, saa nzima imepita, na mpima ananuna kwa sababu jua linazama. Kisha ndiyo natandika mchoro juu yake. Ugomvi bado upo, hasa penye barabara, ila sasa mtu anagombana akijua anachogombania.

Pesa. Ada ya mgeni ni kubwa, usiende kwa kutegemea mshahara wa halmashauri. Omba mapema nafasi ya msaidizi wa utafiti kwa profesa. Ndiyo iliyonibeba mimi. Kwa viza ya mwanafunzi masomo yanapoendelea kwa kawaida unaruhusiwa kazi za chuoni tu, zisizozidi saa 20 kwa wiki, na ukisikia Mtanzania anakushawishi kuosha magari mjini kwa malipo ya mkononi, mkimbie. Ruhusa ya masomo ya mwajiri uipate kwa maandishi kabla hujaondoka, si kwa ahadi ya mdomo ya afisa utumishi, na usome kipengele cha miaka ya kutumikia ukirudi. Cheti ukirudi nacho kipeleke TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kitambuliwe. Watakachoandika ni shahada yako, siyo ukubwa wa jina la chuo, kwa hiyo neno elimu halitakudhuru popote.

Familia. Mimi nilimwacha mke na mtoto wa mwaka mmoja. Niliporudi alikuwa na mitatu, akanisalimia "shikamoo anko" pale uwanja wa ndege mbele ya mama mkwe. Wewe umesema wako wana miaka saba na kumi. Wakienda na viza ya wategemezi wanaweza kusoma shule ya umma, ila mkeo hataruhusiwa kufanya kazi, na kwa mama aliyezoea biashara yake, miaka miwili ya baridi ndani ya nyumba si mchezo, mwambieni ukweli mapema. Mkikubaliana kwenda wote, usipange nyumba kwa kuangalia kodi tu na umbali wa chuo. Kwanza uliza mtaa huo watoto wanaenda shule gani.