"Thanks you too much": kosa liko wapi?

SWALI: Nafanya kazi mapokezi kwenye nyumba ya wageni hapa Capri Point, Mwanza. Mgeni kutoka Uingereza, aliyelala kwetu kabla ya kwenda Serengeti, alituandikia barua pepe ya shukrani. Nikamjibu: "Thanks you too much for appreciate. Welcome." Mwenzangu anasema nimekosea, ila hawezi kunionyesha wapi. Naomba ufafanuzi, maana kazi yangu ni kushukuru watu kutwa nzima. – Dada wa mapokezi

JIBU: Dada, mgeni wako amekuelewa na nia yako njema imemfikia. Lakini mwenzako yuko sahihi. Jibu lako lina makosa manne, na karibu yote yanatokana na kufuata mpangilio wa Kiswahili kwa maneno ya Kiingereza.

"Thank" ni kitenzi, nacho kinamtaka mtu anayeshukuriwa: "thank you". "Thanks" ni nomino, yaani shukrani, na inajitosheleza bila "you". Chagua mojawapo, usizifunge pamoja. "Thanks you" utaikuta tu pale anayeshukuru ni mtu wa tatu, mfano "My manager thanks you", kwa sababu hapo "s" ni alama ya nafsi ya tatu umoja. Kwa mgeni, hasa mtu mzima, tumia "thank you". "Thanks" waachie wafanyakazi wenzako na wageni mliokwisha kuzoeana.

"Too much" maana yake ni kupita kiasi, kama chumvi iliyozidi kwenye mchuzi wa sato. "Sana" ya shukrani ni "very much" au "so much": "Thank you very much." Ukianza na "thanks", sema "thanks a lot" au "many thanks".

Sasa "for appreciate", na hapa naomba utulie kidogo, kwa kuwa ndipo wanafunzi wengi wanapokwama hata baada ya miaka ya shule. Kiswahili chetu husema "asante kwa kuja", na "kuja" haibadiliki. Kwa Kiingereza, kitenzi kikija baada ya "for" lazima kimalizie na "-ing": "Thank you for coming", "Thank you for waiting", "Thank you for choosing us". "Thank you for come" si sahihi, wala "Thank you to come". Kama unachoshukuria ni kitu, weka nomino, na usiisahau "the" au "your" inapohitajika: "Thank you for the photos", "Thank you for your patience". Ukiwa na haraka, nomino ni salama zaidi, maana haina "-ing" ya kukumbuka.

Hata hivyo, "Thank you for appreciating" nayo isingekuokoa. Kwanza, "appreciate" inataka kitu kinachothaminiwa, na hapo hakipo. Pili, ile "asante kushukuru" yetu, ambayo ni adabu nzuri kabisa kwa Kiswahili, haina mwenzake wa moja kwa moja kwa Kiingereza. Mtu akikusifu kwa maandishi, jibu ni "Thank you for your kind words."

"Welcome" peke yake ni karibu ya mlangoni. Karibu ya kujibu asante ni "You're welcome". Angalia tahajia: "your welcome" ni kosa. Kazini kwako "My pleasure" inapendeza vilevile, na "No problem" iwe kwa vijana wenzako. Jibu lako lingesomeka hivi: "Thank you very much for your kind words. It was a pleasure to have you with us, and we hope to see you in Mwanza again." Usimwandikie tena kusahihisha lile la kwanza. Hili litunze kwa mgeni ajaye.

Kwa kuwa "appreciate" umeipenda, ijue vizuri. Haichukui "for": sema "I appreciate your help". Ukiomba jambo kwa heshima, ongeza "it": "I would appreciate it if you could send us your arrival time." Neno "grateful" huchukua "to" kwa mtu na "for" kwa jambo: "We are grateful to you for your help." Huandikwa "grate", si "great".

Ana kwa ana kuna mtego mwingine. Kwetu mtu akikaribishwa chai akasema "asante", mara nyingi amekataa. Mzungumzaji wa Kiingereza ukimuuliza "Would you like some tea?" akajibu "Thank you", kwa kawaida amekubali, kwa hiyo mletee. Akikataa atasema "No, thank you", au "I'm fine, thanks". Hiyo ya mwisho wengi huidhani ni jibu la salamu, wakabaki wamesimama na birika mkononi. Nawe ukikataa kitu, ianze "no", kisha "thank you".

La mwisho ni matamshi. "Th" ya "thank" ni ile ya "thamani" na "thelathini", si ya "dhahabu", na isigeuke "s" ukasikika unasema "sank". Ncha ya ulimi iguse chini ya meno ya juu, pumzi ipite. Weka kidole kooni: kikitetemeka kwenye "th", umetamka "dh". Sehemu ya mwisho, "-nk", itamke kama katika "benki", na usiongeze irabu mwishoni mwake. Jizoeze kwa sentensi unayoitumia kila siku, polepole kwanza: "Thank you, room three is ready."