EDI kwa msambazaji mdogo: anza na orodha ya bidhaa zako, programu baadaye

Mteja wetu mkubwa, mwenye maduka mengi, alitupa miezi mitatu. Baada ya hapo hatatuma tena oda kwa barua pepe wala kupokea ankara za PDF. Kila hati itapita kwa EDI, yaani kompyuta yake ipeleke oda moja kwa moja kwenye yetu, nasi turudishe ankara kwa njia hiyohiyo bila mtu kuchapa chochote. Tulikuwa watu sita kazini. Nikakimbilia kutafuta programu ya kununua, na hapo ndipo nilipokosea.

Programu husafirisha data uliyonayo kama ilivyo, na yetu ilikuwa chafu. Bidhaa moja ilikuwa na majina mawili, na namba ya chupa ndiyo iliyotumika pia kwa katoni. Oda ya kwanza ya majaribio ilisema 12. Mfumo wetu ukaandaa chupa 12, wakati mteja alitaka katoni 12 zenye chupa 24 kila moja, yaani chupa 288. Zamani karani wetu angeelewa mara moja, maana anamjua mteja. Kompyuta haimjui mtu.

Kwa hiyo, kabla hujampigia mtoa huduma yeyote, keti na mtu wa stoo mpitie bidhaa moja baada ya nyingine. Kila moja iwe na GTIN (namba ya kimataifa ya kutambulisha bidhaa) ya kipande na GTIN nyingine ya katoni, idadi iliyomo ndani, uzito, vipimo, na namba ambayo mteja anaiita bidhaa hiyo kwake. Kisha maduka na maghala yake: kila mahali panapopokea mzigo huwa na GLN, namba ya tarakimu 13 inayopatambulisha. Sisi kazi hiyo ilitula wiki mbili, na hakuna wiki nilizotumia vizuri kuliko hizo.

Halafu omba mwongozo wa EDI wa mteja. Ukiwa Marekani utakutana na X12, kiwango cha kupanga hati za EDI ambacho kila aina ya hati kina namba yake: oda ni 850, taarifa ya mzigo 856 na ankara 810. Kwingine kwingi ni kiwango cha EDIFACT, ambacho hati hizohizo kinaziita ORDERS, DESADV na INVOIC. Usidhani kwamba ukimweza mteja mmoja wa X12 umewaweza wote. Kila mmoja ana sehemu anazozilazimisha, na ana makato yake kwenye malipo yako ukizikosea.

Kuhusu kuunganishwa sina maneno mengi. Kama oda ni chache, tovuti ya mtoa huduma ambayo unajaza mwenyewe inatosha. Zikiongezeka, unganisha mfumo wako wa mauzo, kwa AS2 (njia salama ya kutumiana faili moja kwa moja kwa intaneti) au kupitia mtandao wa kati wa mtoa huduma, kwa sababu kuchapa upya kunarudisha makosa yaleyale uliyotaka kuyakimbia.

Mahali panapouma kweli ni taarifa ya mzigo. Inatakiwa imfikie mteja kabla ya lori, nayo itaje kila paleti kwa SSCC yake, namba ya tarakimu 18 iliyo kwenye lebo. Mpokeaji anaskani lebo, na mfumo wake unalinganisha. Sisi tulikuwa tukiitengeneza ofisini kwa kufuata oda. Stoo ikipungukiwa katoni mbili, taarifa ilisema zimo, lori halikuwa nazo, na makato yakaja. Tuliokoka siku tulipohamishia kazi hiyo mlangoni pa stoo: katoni inaskaniwa inapopangwa, paleti ikifungwa lebo inachapwa, na taarifa inatoka kwenye kile kilichopakiwa kweli. Hilo ni badiliko la utaratibu wa watu. Mwambie mpakiaji mapema kwa nini unalitaka, na umsikilize, maana anajua mahali ambapo skana itamchelewesha.

Jihadhari pia na 997, hati ya X12 ya kuthibitisha mapokezi. Inakwambia tu kwamba faili limefika na mpangilio wake unasomeka. Haisemi kwamba ankara imekubaliwa. Ankara yetu moja ilipata 997 safi, kumbe ilikuwa imekwama kwa sababu bei yake haikulingana na ya oda. Tuligundua baada ya wiki sita. Tangu hapo kila asubuhi mmoja wetu anaangalia oda zilizoingia, zilizojibiwa, na ankara ambazo muda wa malipo umekaribia.

Kwenye majaribio, usiridhike na oda iliyonyooka. Omba iliyobadilishwa katikati, iliyofutwa, na utakayoweza kutimiza nusu tu. Na kabla ya siku ya kuanza, pata simu ya mtu wa EDI upande wa mteja. Mnunuzi unayezungumza naye kila wiki anajua bei na bidhaa. Faili lako likipotea saa mbili usiku na lori linaondoka alfajiri, hataweza kukusaidia kulitafuta.