Kima hali mwembe wa kijiji

Mmeuliza wiki hii: je, wanavijiji wanaoishi jirani na hifadhi wanafaidika na utalii? Mimi ni mtu wa Pete, Unguja, mlangoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004. Kijiji kinafaidika, sikatai. Sehemu ya kiingilio hurudi vijijini, vijana wanatembeza wageni, na ile njia ya mbao inayopita kwenye mikoko inaingiza pesa ambazo zamani tulizitafuta kwa shoka.

Lakini kijiji hakina mwembe. Mwembe ni wa mama yangu.

Kima punju, yule kima mwekundu wa Zanzibar, anapenda majani machanga ya mwembe na mti wa mkungu, na vidaka vya nazi. Embe mbivu hana haja nayo, tumbo lake haliwezi sukari ile, kwa hiyo hangoji msimu kama sisi. Akishiba majani hushuka kutafuna mkaa, maana humpunguzia sumu ya majani hayo. (Sisi tukiufuata mkaa msituni ni kesi.) Wageni huja kumpiga picha akiwa juu ya mti wetu. Siku moja mama alitoka na ufagio kumfukuza, akaombwa asogee kidogo, anaharibu picha.

Wataalamu waliochunguza minazi jirani na Jozani miaka ya 1990 walikuta kwamba penye vidaka vilivyoliwa zaidi ndipo nazi zilipovunwa zaidi, kama vile kima anaupunguzia mnazi mzigo. Nilipomweleza mama akasema, "Haya, minazi nimesamehe. Embe je?"

Kifuta jasho cha mazao yaliyoliwa na kima kilimfikia mara moja. Kilitosha nauli ya daladala kwenda mjini na kurudi.

Kwangu mimi, hesabu ifanywe kwa mti, si kwa kijiji kizima. Mgeni anayeingia shambani kwa mtu kutazama kima amlipe mwenye shamba hapohapo. Kule Kidike, Pemba, popo wakubwa waliokuwa wakiwindwa kwa kitoweo sasa wanalindwa na wanakijiji, na mgeni hulipa palepale wanapolala popo. Jozani nako, makundi yanayoonekana kirahisi ndiyo haya ya mashambani, yanayokula kwetu.

Juzi mama ameniuliza fundi wa msumeno anachukua kiasi gani kuangusha mwembe mmoja. Nimemwomba asubiri msimu huu upite.