Kidonda kipana tumboni baada ya kutoa uvimbe kwa kamera: kwa nini klipu zinaachia?

SWALI: Shikamoo Dokta. Mimi ni daktari kijana, niko mafunzoni hapa Dar es Salaam. Mzee wa miaka 67, anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda kwa ajili ya moyo, alitolewa uvimbe kwenye utando wa ndani wa tumbo kwa endoskopia, yaani kamera inayopitishwa mdomoni. Kikabaki kidonda cha sentimita 5. Tulikifunga kwa klipu, vile vibanio vidogo vya chuma, kikapendeza kweli. Siku ya tatu mzee akapata choo cheusi kama lami, dalili ya damu kuvuja tumboni. Tuliporudisha kamera, nusu ya klipu zimeng'oka na kidonda kiko wazi. Je, tungeongeza klipu? Na kila kidonda kikubwa lazima kifungwe?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mpe mzee pole. Mlifanya vizuri kurudisha kamera mapema.

Nianze na swali la pili. Hapana, si kila kidonda. Mkichuna utando na tabaka lililo chini yake, msuli ukabaki mzima, kidonda cha tumbo kinaweza kuachwa wazi. Mgonjwa akimeza dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida kinapona chenyewe kwa wiki 8 hivi. Wajapani, walioanzisha njia hii ya kuchuna uvimbe kwa kamera mwishoni mwa miaka ya 1990, wamewatibu hivyo wagonjwa wengi sana. Kinachotisha ni damu. Katika wagonjwa 20, mmoja hivi hutokwa damu baadaye, na anayetumia dawa kama za mzee wako yuko hatarini zaidi. Huyo ndiye naona anastahili kuhangaikiwa. Mwingine ni yule ambaye ukuta wote umetoboka, iwe kwa bahati mbaya au kwa kukusudia kwa sababu uvimbe umeota kwenye msuli wenyewe. Huyo hana mjadala, anafungwa palepale kabla majimaji ya tumbo hayajavujia nje.

Sasa klipu. Kuongeza idadi kusingewasaidia. Klipu ya kawaida hufungua mdomo milimita 11 hadi 16 hivi, na kidonda chenu kilikuwa na milimita 50. Hata mkianzia pembeni mkasogea katikati kidogo kidogo, meno yanashika utando tu. Nenda Kariakoo ukamtazame fundi cherehani anayetia bitana kwenye koti. Akiishona bitana yenyewe kwa yenyewe bila kuishikiza kwenye kitambaa, inatuna na kuelea, na koti likivaliwa siku mbili tatu mshono unafumuka. Ndicho kilichowapata. Chini ya utando mlioufunga palibaki uwazi, damu na majimaji yakakusanyika humo. Na tumbo halitulii. Linasukasuka mchana na usiku, hasa sehemu ya chini karibu na utumbo mwembamba ambako msuli ni mnene, na kila likijikunja linavuta midomo ya kidonda huku na huku.

Kwa hiyo ninalowaomba ni moja: shikeni msuli. Mkimaliza kukata, osheni kidonda mpaka sakafu yake ionekane. Mtaona nyuzi laini zilizobaki na rangi ya bluu ya dawa mliyodunga kuinua utando kabla ya kukata, na chini yake msuli mweupe wenye mistari. Mshipa wowote wa damu unaoonekana hapo uchomwe kwanza, hata kama hauvuji. Hatua hii msiiruke kwa sababu tu mnapanga kufunga.

Kisha tumieni klipu inayoweza kufunguliwa tena, yenye tundu kwenye jino, na uzi mrefu wa nailoni uliotakaswa. Klipu ya kwanza, iliyofungwa uzi, inashika ukingo mmoja. Uzi unapitishwa kwenye tundu la klipu ya pili, nayo inashuka katikati na kung'ata msuli kidogo. Ya tatu inashika ukingo wa pili. Mnaendelea hivyo kama anayefunga mdomo wa gunia la mkaa kwa kamba, huku na huku. Mkivuta uzi taratibu, midomo inakutana na sakafu inapanda pamoja nayo, uwazi unakwisha. Halafu mnaukaza uzi kwa klipu ya mwisho na kuukata. Hewa ya kutanulia tumbo iwe kaboni dayoksaidi, inafyonzwa haraka. Kabla ya kutoka, tanueni tumbo kidogo mtazame: mahali midomo inapoachana, ongezeni klipu hapo.

Zipo mashine za kushona kupitia kamera na klipu kubwa inayovalishwa kwenye ncha ya kamera. Ile klipu kubwa ni nzuri kwa tundu lisilozidi sentimita 2 hivi, ila kwa kidonda kipana kama chenu haitoshi. Mashine za kushona zinafanya kazi vizuri lakini ni ghali, na mimi nisingeahirisha kujifunza kazi ya uzi kwa kuzingojea.

Kuhusu mzee wako, msikimbilie kukifunga upya. Siku ya tatu kingo zimevimba na zinachanika kwa urahisi. Tafuteni mshipa unaovuja, muuchome, mwendelee na dawa ya asidi, mpime wingi wa damu kila siku. Na lini arudi kwenye dawa yake ya moyo, kaeni na daktari wake wa moyo mlipange pamoja leo hii, maana kila siku anayokaa bila dawa hiyo nayo ina hatari yake.