Muulize Mjomba: Barua iliyolijua hata kosa la jina langu

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mimi ni fundi wa mikoba ya kushona kwa mkono. Vifaa nanunua mtandaoni, na malipo yote yanapitia akaunti moja niliyoifungua miaka sita iliyopita. Siku ile nilikosea jina langu la kati, nikaiandika herufi moja mara mbili. Sikulirekebisha, na hakuna mahali pengine popote nilipoliandika hivyo. Jumatatu iliyopita imekuja barua pepe kuniambia akaunti imesitishwa kwa sababu ya muamala usio wa kawaida, nijithibitishe ndani ya saa 24. Jina la mtumaji ni la kampuni yenyewe ya malipo. Imenitaja majina yangu yote, na lile kosa limo. Chini wameweka anwani ninayopokelea mizigo, mpaka maneno "gonga lango la nyuma" niliyoyaongeza kwa ajili ya wasafirishaji. Mume wangu anasema ni matapeli. Mimi nauliza: tapeli angelijuaje kosa langu mwenyewe? Sijabofya, ila usingizi sipati. Na kama kweli ni matapeli, akaunti yangu imeshaibiwa?

Fundi wa Mikoba

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usibofye. Mumeo amesema kweli, lakini swali lako ni zuri kuliko jibu lake, kwa hiyo tulifuate mpaka mwisho.

Nimekaa miaka kumi na moja kwenye dawati la malalamiko la kampuni moja ya malipo. Katika miaka hiyo niliwaandikia wateja, kwa vidole vyangu hivi, kwamba barua ya kweli itakutaja kwa jina na ya uongo itasema tu "Mpendwa mteja". Wakati ule ushauri huo ulifaa. Leo unaumiza watu, na wapo wanaoushika mpaka sasa kwa sababu waliusoma kwa watu kama mimi. Mwezi Aprili 2016 watu wengi nchini Uingereza walipokea barua pepe za kudai madeni ambayo hawakuwa nayo, zikiwa na majina yao kamili na anwani za nyumbani kwao. Aliyebofya kiungo alipakua programu inayofunga mafaili ya kompyuta na kudai fidia. Tangu hapo jina lako ndani ya barua halithibitishi kitu.

Sasa hilo kosa lako. Unalihesabu kuwa siri kati yako na kampuni ya malipo. Hebu fikiria yanayotokea ukilipia zipu na vitambaa. Muuzaji hawezi kukutumia mzigo bila kujua wewe ni nani na uko wapi, kwa hiyo pamoja na fedha anapokea jina lako kama lilivyoandikwa kwenye akaunti, barua pepe yako, na anwani ya kupokelea ikiwa na maelezo yake yote. Kosa linasafiri hivyohivyo. Kama katika miaka sita umenunua kwa watu themanini, basi watu themanini wanalo. Kila mmoja ameliweka anapojua yeye: huyu kwenye jedwali la kompyuta ya dukani, yule kwa kampuni ya usafirishaji, mwingine kwa kampuni inayowatumia wateja wake matangazo. Hapo katikati ndipo panapovuja sana. Mwaka 2011 kampuni ya Epsilon ya Marekani, ambayo kazi yake ni kutuma barua pepe kwa niaba ya makampuni mengine, iliingiliwa, yakatoka majina na barua pepe za wateja wa mabenki na maduka mengi kwa mpigo mmoja. Wengi wa wateja hao hawakuwahi kulisikia jina la Epsilon. Mwaka 2014 eBay, soko la mtandaoni, nayo ilitangaza kwamba wadukuzi wameifikia hifadhi yenye taarifa za watumiaji wapatao milioni 145: majina, anwani, simu na tarehe za kuzaliwa.

Kwa hiyo kosa lile linathibitisha jambo moja tu, kwamba orodha waliyonayo imetokana na malipo yako. Halithibitishi kwamba kuna mtu ameingia ndani ya akaunti. Ni kama mtu aliyesoma anwani juu ya kifurushi chako: anajua unapokaa, ila ufunguo wa mlango hana. Barua imeandikwa kwa sababu hana, anautafuta kwako.

Lakini usichukue neno langu, kaangalie mwenyewe. Ifunge hiyo barua. Fungua programu ya malipo iliyomo kwenye simu yako, au andika anwani ya tovuti yao kwa mkono. Ukikuta umesitishwa kweli, taarifa itakuwa inakusubiri humo ndani. Usipoikuta, barua ilikuwa ya uongo. Ukiwa humo pitia miamala ya miezi mitatu, tazama kama kuna namba ya simu au kadi usiyoitambua, kisha ubadilishe nenosiri ikiwa unalitumia na kwingine. Hilo la mwisho nakuomba usilipuuze. Desemba 2022, kwa siku tatu, watu waliingia kwenye akaunti 34,942 za kampuni ya malipo ya PayPal bila kuvunja chochote. Walikuwa na majozi ya barua pepe na manenosiri yaliyoibwa kwingine, wakayajaribu, na yale yaliyokuwa yametumika mara mbili yakafungua. Waliyoweza kuyaona humo ni majina, anwani, tarehe za kuzaliwa, na namba za kodi.

Umeniambia pia kwamba jina la mtumaji ni la kampuni yenyewe. Kanuni za barua pepe tunazozitumia zina mizizi mwaka 1982, na katika kanuni zile mtumaji anaandika jina analotaka, kama ambavyo yeyote anaweza kuandika jina la chifu nyuma ya bahasha. Mwaka 2012 makampuni kadhaa, PayPal na Google yakiwemo, yalitangaza utaratibu uitwao DMARC unaouwezesha mtambo wa kupokea barua kuzikataa zinazodai kutoka kwa kampuni fulani na hazikutoka kwake. Umesaidia sana. Ila hauzuii mtu kusajili jina linalofanana. Mwaka 2000, PayPal ikiwa bado changa, kulikuwa na tovuti ya matapeli iliyoandikwa paypai. I ile ya mwisho ikiwekwa kwa herufi kubwa huwezi kuitofautisha na l ndogo. Jicho lililochoka usiku halioni kitu hapo, hata langu. Ndiyo maana sikuagizi ukague herufi moja moja. Nakuagiza upite mlango unaoujua.

Limebaki swali ambalo hukuliuliza, na ndilo ninalolipenda kuliko yote: nani amevujisha? Wewe una bahati ambayo wateja wangu wengi hawakuwa nayo. Maneno "gonga lango la nyuma" uliyaongeza lini? Kama ni mwaka jana, wauzaji wote wa kabla ya hapo wameshatoka kwenye hesabu. Wape hao waliobaki barua fupi, ya heshima, bila kumtuhumu mtu: waambie umepokea barua ya utapeli yenye maelezo uliyowapa wao, na uulize kama wameingiliwa. Wengine hawatajibu. Atakayejibu kwa kukushukuru anastahili uendelee kununua kwake. Kuanzia sasa weka alama kwa makusudi. Kwenye Gmail unaweza kuongeza alama ya kujumlisha na neno lolote kabla ya @, na barua itakufikia vilevile. Mpe kila muuzaji anayekufungulia akaunti neno lake. Siku utapeli utakapokuja ukiwa na neno la muuzaji wa zipu, utajua umepitia wapi.

SWALI: Ndugu Mjomba, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu. Siku tano zilizopita niliingia mtegoni. Barua ilinitaja kwa jina na kutaja tarakimu nne za mwisho za kadi yangu. Ukurasa ulikuwa na alama ya kufuli, nikaandika nenosiri, na hata ile namba ya uthibitisho iliyotumwa kwa simu niliiandika. Fedha bado zipo. Sijawaambia wanangu. Nifanye nini?

Mwalimu

JIBU: Mwalimu wangu, shikamoo. Kabla hujamaliza kusoma, piga namba iliyo nyuma ya kadi yako, uombe ifungwe. Nitakusubiri.

Baada ya hapo anza na barua pepe, kabla hata ya akaunti ya malipo. Kama nenosiri ni lile lile, au linakaribiana, anayeishika barua pepe yako anaweza kuomba nenosiri jipya la kila kitu kingine, ukawa unabadilisha mchana naye anabadilisha usiku. Libadilishe, chagua kuondoka kwenye vifaa vyote, kisha uingie kwenye mipangilio uone kama hakuna amri ya kupeleka nakala za barua zako kwa mtu mwingine. Hapo watu husahau. Mara kadhaa nilimkuta mteja ameshabadilisha kila kitu, na barua zake zinaendelea kusomwa mahali pengine kwa utulivu kabisa. Ndipo urudi kwenye akaunti ya malipo: nenosiri jipya, ondoa vifaa na kadi usizozijua, kisha utoe taarifa kwa kampuni kupitia programu yake.

Ile namba ya uthibitisho haikukuokoa kwa sababu ukurasa wa uongo ulikuwa unayapeleka unayoandika kwenye ukurasa wa kweli papo hapo. Unaandika huku, yeye anaingia kule. Kampuni yako ikikupa nafasi ya kuingia kwa ufunguo wa siri unaofunguliwa kwa alama ya kidole au uso, uchukue. Ufunguo huo umefungwa kwenye anwani ya tovuti halisi. Ukiwa kwenye ya bandia hautoki, hata wewe mwenyewe ukiwa umeshadanganyika. Kuhusu kufuli: linasema tu kwamba mazungumzo kati yako na tovuti hiyo hayasikilizwi na mtu wa tatu. Tapeli naye analipata, tena bure. Kivinjari cha Chrome kiliiondoa alama hiyo mwaka 2023 kwa sababu watu waliisoma kama ulivyoisoma wewe.

Fedha kuwepo kusikutulize. Nilimhudumia mama mmoja aliyekaa siku kumi na moja bila kutuambia. Katika siku hizo kumi na moja hawakugusa fedha zake. Walibadilisha namba ya simu ya akaunti, wakaongeza anwani ya kupokelea mizigo, wakasubiri. Alipotupigia aliongea kwa sauti ya chini, kwa sababu watoto wake walikuwa chumba cha pili. Nilitamani sana angepiga siku ya kwanza. Asingeulizwa na yeyote kwa nini alibofya. Waambie wanao leo, Mwalimu, wakae nawe mkibadilisha hayo manenosiri. Mikono miwili haitoshi kwa kazi hiyo, na baadhi yao huenda wana barua kama hiyo hiyo kwenye simu zao.

SWALI: Mjomba, nimetumiwa ankara ya kompyuta ambayo sikuinunua. Barua imetoka kweli kwenye kampuni ya malipo, nimekagua anwani na hata kwenye programu yao naiona. Imeandikwa kwamba kama sikununua nipige namba fulani. Nipige?

Msomaji

JIBU: Usipige. Barua ni ya kweli, aliyeiagiza ndiye wa uongo. Mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kumtumia mwingine ankara kupitia mtambo wa kampuni, na mahali pa maelezo akaandika chochote, ikiwemo namba yake mwenyewe ya simu. Mtambo unaibeba kama mtarishi anavyoibeba barua ya kila mtu, kwa hiyo kila ukaguzi uliofanya lazima ukubali. Ankara haichukui fedha mpaka wewe uilipe. Ukipiga, utapokelewa na mtu mpole sana atakayekuomba uweke programu inayomruhusu kuiona na kuiendesha simu au kompyuta yako, ili "akurudishie" fedha ambazo hazikutoka.

Iripoti humo humo kwenye programu, kisha uifute. Namba ya kweli ya huduma kwa wateja ni ile inayoonekana kwenye ukurasa wa msaada baada ya wewe kuingia, si iliyoandikwa ndani ya ankara.

Na wewe Fundi wa Mikoba, nikumbushe mwezi ujao: tarehe uliyoongeza lango la nyuma, na wauzaji wangapi wamebaki.