Kupitisha Saa Ndefu za Kumngoja Kulungu kwa Gobore

Katika jimbo la Pennsylvania, hapa Marekani ninakoishi, msimu wa kuwinda kulungu kwa gobore la gumegume huanza baada ya Krismasi na kuendelea hadi Januari. Msimu huo ulianzishwa mwaka 1974, na sharti lake ni kwamba baruti iwashwe kwa cheche za jiwe, kama yalivyowashwa magobore ambayo mafundi wenye asili ya Kijerumani walikuwa wakiyatengeneza Lancaster katika karne ya 18. Ndugu zetu waliohamia huku na kutaka kujifunza, wakiwemo waliotoka Kenya ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, huanza kwa kuuliza habari za leseni, mafunzo ya lazima na bei ya bunduki. Swali la namna ya kuvumilia siku nzima ya kukaa bila kutikisika huja baadaye, wakisharudi kutoka msituni mara ya kwanza, na kwa maoni yangu hilo ndilo swali kubwa kuliko yote.

Gobore hutoa risasi moja, kisha moshi mzito hutanda mbele ya macho, na kulipakia upya huchukua muda ambao kulungu hakupi. Wengi wetu tunaotumia gumegume na kulenga kwa macho matupu hatufyatui mnyama akiwa mbali zaidi ya mita 50 au 60. Kwa hiyo ni lazima kulungu mwenyewe akukaribie, naye akikukaribia hukunusa, hukusikia na huona mkono unaosogea. Ndiyo maana napima kila shughuli ya kupitisha muda kwa kipimo kimoja: je, inaniachia macho na masikio yangu? Isiponiachia, haifai, hata iwe ya kupendeza namna gani.

Kwa kipimo hicho simu inaondoka mara moja. Humfanya mtu ainamishe uso, avue glavu na kumulikwa usoni alfajiri, na baridi ya Januari hula betri ambayo huenda ukaihitaji jioni kuomba msaada. Izime, uiweke mfuko wa ndani karibu na mwili. Vidude vya kusikilizia muziki visitoke nyumbani kabisa.

Kazi ya kwanza inayogawa siku vizuri ni kulitunza gobore lenyewe. Baruti laini iliyomo kwenye kisahani cha kuwashia hunyonya unyevu wa hewa, na katika siku ya ukungu au theluji inayoyeyuka inaweza kuharibika bila kuonyesha dalili yoyote machoni. Mimi huibadilisha takribani kila nusu saa hali ya hewa ikiwa mbaya, na kila saa moja kukiwa kukavu. Huutazama msitu wote kwanza, nikahakikisha mtutu umeelekea upande salama, kisha nikateremsha mikono nyuma ya shina la mti, nikapangusa kisahani kwa kitambaa kikavu, nikazibua kitundu cha moto kwa sindano, nikafuta makali ya jiwe na uso wa bamba la chuma linalopigwa na jiwe hilo, nikatia baruti mpya kidogo na kurudisha kipande cha ngozi kilichopakwa mafuta ambacho hufunika mtambo. Shughuli hii haifiki dakika mbili, lakini huigeuza siku kuwa vipindi vifupi vinavyohesabika, na mtu anayengoja kipindi kimoja hachoki kama yule anayengoja siku nzima.

Kati ya vipindi hivyo kuna kutazama, na kutazama nako kuna ufundi wake. Mgeni humtafuta kulungu mzima, mwenye kichwa, miguu na mkia, kama alivyomwona pichani. Msituni humwoni hivyo. Tafuta mstari wa mlalo kati ya mashina yaliyosimama wima, kwa sababu mgongo wa mnyama ni miongoni mwa vitu vichache msituni vinavyolala hivyo. Tafuta sikio linalopepesuka, weupe wa koo, au jicho. Usitegemee pembe, kwani madume huziangusha kila mwaka na baadhi yao huwa wamekwisha kuziangusha kufikia Januari. Pitisha macho polepole kutoka kushoto kwenda kulia, kwanza karibu, kisha mbali zaidi, halafu anza upya, ukiyazungusha macho kabla ya kichwa. Mwangaza ukiisha kuwa mzuri, chagua miti michache kuwa alama za umbali, ukadirie hatua za kuifikia kila mmoja, na uamue mapema ni mti upi ambao mnyama akiwa ng'ambo yake hutafyatua. Uamuzi huo ni vigumu kuufanya kwa haki moyo ukiwa unadunda.

Masikio nayo yanataka kufundishwa. Kindi kwenye majani makavu huruka, husimama, hukwaruza, huruka tena, na kelele yake ni kubwa kuliko mwili wake. Kulungu hutembea kwa hatua zenye uzito, mbili tatu, kisha kimya kirefu cha kusikiliza. Muda wa saa kadhaa wa kubahatisha kila sauti kabla ya kumwona mwenye nayo utakupa elimu ambayo mwalimu hawezi kukueleza ukaielewa, na kwangu huu ndio mchezo bora wa msituni. Upepo nao upimwe mara kwa mara kwa kuachia unyuzi mmoja wa mbegu za porini, mwepesi kama usufi, na kufuatilia unakoelea. Asubuhi tulivu, jua likipasha mteremko, hewa hupanda mlima. Jioni hushuka bondeni, na harufu yako huifuata.

Akili hata hivyo huhitaji chakula chake. Ninachopendekeza kwa Mswahili yeyote ni kutunga shairi kichwani, bila kalamu. Chukua tarbia ya kimapokeo, mizani 16 kwa mshororo, nane kwa nane, yenye vina vya kati na vya mwisho, na ujaribu kuukamilisha ubeti mmoja huku macho yakiendelea na mzunguko wake. Mizani huhesabiwa kwa vidole ndani ya glavu bila mkono kusogea. Kina kikikataa, nusu saa imepita hujui ilivyokwenda, nawe hukuinamisha uso hata mara moja. Wapo wanaofanya vivyo hivyo kwa nyiradi au kwa kusali kimoyomoyo, na hilo nalo linafaa sana.

Kuhusu chakula sina mengi: tende, kashata na nyama iliyokaushwa, vyote vikiwa vimetolewa kwenye karatasi zenye kelele tangu nyumbani, na chai ya moto katika chupa. Chai ya saa tano iwe ni ahadi ya kukuzuia usiondoke, kwa sababu wawindaji wengi huenda kula mchana na nyayo zao huwasukuma kulungu kuelekea kwako. Ukianza kutetemeka kiasi cha kushindwa kuutuliza mtutu, inuka utembee polepole au urudi nyumbani. Uvumilivu usiomwezesha mtu kulenga sawasawa ni hatari kwake na ni ukatili kwa mnyama.

Kungoja kugumu kuliko kote huanza baada ya mlio. Moshi umetanda, humwoni mnyama, na miguu inataka kukimbia. Kaa. Sikiliza alikoelekea na ukariri mti aliokuwa karibu nao alipopigwa. Kisha pakia upya kwa utaratibu: baruti ya kipimo, kitambaa na goroli ya risasi, mdeki, yaani ufito wa kushindilia, mpaka alama ya kina iliyochorwa juu yake ifike mdomoni mwa mtutu, na mwisho kabisa kisahani. Isipokuwa umemwona ameanguka na hasogei, ngoja nusu saa kamili kwa saa ya mkononi, kwani kulungu aliyejeruhiwa asipofukuzwa mara nyingi hulala karibu, na akishtuliwa anaweza kukimbia mbali mno. Ukiwa na dalili kwamba risasi imepita tumboni, ngoja saa nyingi zaidi. Unapoanza kufuata damu, funga utepe wa rangi kwenye kila alama unayoiona, na alama zikikatika rudi kwenye utepe wa mwisho uanzie hapo, ukizunguka kwa duara linalopanuka kidogo kidogo.